Mfumo umesema pesa hazipo

Wiki ilopita kanipigia simu mtu wa Wete, tunajuana toka skuli, siku hizi yumo kwenye kamati ya saccos ya huko kwao. Salamu ndefu kama kawaida yetu, mvua, watoto, mzee anaendeleaje, halafu ndo akaleta lake: wanataka kuweka mfumo wa kompyuta, pesa zishapatikana, sasa anataka kujua wanunue kompyuta ngapi na seva (kompyuta kuu inayoweka taarifa za zote) ya aina gani. Nikacheka, si kwa ubaya, mana na sie hapa Chake Chake, Pemba, tulianza hivo hivo, kikao cha kwanza kizima kilikuwa kompyuta ngapi, meza za rangi gani, na chumba cha seva kitiwe AC ya ukubwa gani. Nikamwambia yakhe hilo nakujibu kwa dakika moja, ila kuna jengine lisikilize mwanzo. Nikaongea mpaka dakika za simu zikaniishia, nikaona bora niliandike tu, yeye atasoma na mwengine akitaka naye asome.

Jina la saccos yetu silitaji, wala la kampuni iloleta mfumo. Wanaojua watajua.

Mie nlisoma kompyuta SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, kule Tunguu, nikarudi nyumbani, nikawa ndo "kijana wa kompyuta" wa ofisi, cheo ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote, maana yake printa ikikwama naitwa mie na simu ya mwenyekiti ikijaa picha naitwa mie. Saccos ina wanachama 1,140 na kitu, wakulima, wavuvi, waalimu wa skuli, kinamama wa biashara ndogo ndogo. Hesabu zao zote zilikuwa kwenye madaftari makubwa ya jalada gumu, Excel ilikuwepo lakini inafata nyuma kama mtoto na mamake sokoni. Mwenye madaftari alikuwa mzee mmoja tunamwita Maalim kwa sababu alisomesha hesabu mpaka akastaafu, hati yake imenyooka utasema imechapwa. Na keshia alikuwa dada mmoja mtulivu, miaka kumi na moja yuko dirishani pale, watu wanamwita Bi Keshia na mie ntamwita hivo hivo.

Kampuni tatu zilikuja kuonesha mifumo yao. Ya pili ndo tuliyoichukua mwishowe, na siku ya maonesho nusura tuifukuze. Kijana wao kafunga projekta, ukuta unang'ara, kaingiza mwanachama wa mfano, kampa mkopo, mara pale ukutani likatokea neno RIBA kwa herufi kubwa na asilimia yake pembeni. Ukumbi ukanyamaza. Saccos yetu ni ya Kiislamu, hatukopeshi pesa kwa riba, watu waliiunda khasa kwa kulikimbia hilo, na pale mezani wamekaa watu wazima wawili maimamu wa misikiti. Yule kijana akaona nyuso zimebadilika, akasema hilo si tatizo wazee wangu, nalibadilisha neno naandika "faida", dakika mbili tu. Maalim akamuuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, jina ukishalibadilisha, na hesabu nayo itakuwa imebadilika?"

Hapo ndo kazi ya kupanga ilipoanza, mana mpaka siku ile tulikuwa tunapanga fanicha.

Kwa asojua, sie tunachofanya ni murabaha. Mwanachama anataka pikipiki ya 2,400,000, saccos inainunua, inakuwa mali ya saccos kwanza, halafu inamuuzia kwa 2,880,000, anajua toka siku ya kwanza kuwa faida ni 480,000, analipa 240,000 kwa miezi 12. Akichelewa, deni lake ni lile lile 2,880,000, haliongezeki hata senti, utamfata nyumbani, utamwita mdhamini wake, lakini bei ya kitu kilichokwisha uzwa huigusi. Ule mfumo ulivojengwa mtu akichelewa unaanza kumhesabia juu yake, wenyewe, usiku watu wamelala. Ukibadilisha neno kwenye skrini hesabu ile inaendelea chini kwa chini kama mchwa. Ilichukua wiki tatu kuiondoa, na iliondoka kwa sababu Maalim alikaa kitako na yule kijana akampa mikataba kumi ya kweli, ya walolipa vizuri, ya walochelewa, na mmoja wa mtu alofariki katikati, akamwambia ingiza hii, nataka jibu litoke kama la daftari langu. Mara ya kwanza ilitoka sawa minne.

Kisha ikaja kuhamisha taarifa kutoka daftari na Excel kuingia kwenye mfumo, na hapa ntakaa kidogo mana watu hulichukulia jepesi, wanaona ni kukopi na kupesti. Mfumo unataka jina la kwanza, la kati, na la ukoo. Sie la ukoo tunalitoa wapi? Mtu ni yeye, baba yake, babu yake, basi. Wakachukua jina la babu wakalifanya ukoo, ikawa mtu na mtoto wake koo mbali mbali. Halafu Khamis Ali Khamis tulikuwa nao saba, mmoja kwenye Excel kaandikwa Hamis, mwengine Hamisi, na kumbe hao wawili ni mtu mmoja alofungua akaunti mara mbili, ya pili kwa ajili ya ada za watoto. Kompyuta haikwambii hilo. Maalim ndo alojua, mana anajua yupi wa Wawi, yupi wa Kangani, na yupi anatia dole gumba. Tukakubaliana mtu asitafutwe kwa jina, atafutwe kwa namba ya uanachama, na kila mmoja aje na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi tumhakiki uso kwa uso. Wiki sita hizo.

Namba za simu Excel ilikuwa ishazikata sifuri ya mbele zote, 0777 imekuwa 777, mana yenyewe inaona hiyo ni hesabu tu na sifuri ya mbele kwenye hesabu haina kazi. Tarehe ndo balaa. Kompyuta moja ilikuwa imesetiwa Kimarekani, mwezi mbele siku nyuma, kwa hiyo mkopo wa tarehe 5 mwezi wa 7 ukasomeka wa tarehe 7 mwezi wa 5, na ubaya wake ni kuwa siku ikizidi 12 kompyuta inashtuka inakwambia hapa pana kosa, ikiwa 12 kushuka chini inanyamaza kimya, yaani makosa unayoyaona ndo yale yasokuwa na madhara. Tulipitia mikopo mmoja mmoja, mie nasoma, Maalim anaitikia, mpaka sauti ikanikauka.

Na hili linanichekesha mpaka leo. Wazee wetu wengi siku ya kuzaliwa hawaijui, anajua kazaliwa kabla ya Mapinduzi au baada, karani fomu ikimtaka tarehe anaandika 1 Januari. Tulikuwa na watu 214 walozaliwa tarehe 1 Januari. Sasa mfumo una kitu cha kutuma sms ya pongezi ya siku ya kuzaliwa, wenyewe, na tulikigundua mwezi wa kumi na moja. Alhamdulillah. Ingekuwa vyengine mwaka mpya ungeingia na wazee 214 wanapigiana simu kuulizana nani kawatia kwenye mambo ya bethidei.

Tarehe zilipokaa sawa tukafungua ripoti ya wanaodaiwa, mfumo ukatutolea watu 163 wadaiwa sugu, wekundu wote. Mwenyekiti akashika kichwa. Maalim akachukua ile karatasi na penseli akaanza: huyu wa karafuu, huyu wa karafuu, huyu wa karafuu. Kwenye daftari lake kila mtu wa karafuu ana nukta ndogo ya penseli pembeni ya jina, mie miaka yote nlidhani ni uchafu wa karatasi. Mkulima wa karafuu halipi kila mwezi, alipe na nini? Anasubiri msimu, zichumwe kabla hazijafunguka, zichambuliwe makonyo, zianikwe majamvini siku kadhaa jua likikubali, zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mana ndo mnunuzi pekee kisheria, akilipwa pale ndo anakuja kwetu, pengine anamaliza deni lote kwa mkupuo mmoja. Na karafuu yenyewe haizai sawa kila mwaka, mwaka huu unakodi wachumaji, mwaka wa pili unakusanya kwa kiganja. Mfumo haukuwa na nafasi ya mtu kama huyo, wenyewe ulijua mtu wa mshahara tu. Katika wale 163, wenye nukta walikuwa 151. Tukaomba aina ya pili ya mkataba, wa msimu, wakatutoza pesa ya ziada, nlinuna lakini wallahi kosa lilikuwa letu, mana wao wangejuaje nukta ya penseli.

Kufunga vifaa sina mengi. Seva ilikuja na boti mpaka Mkoani, ikapanda gari mpaka Chake mie nimeipakata kama mtoto. Waya tulipitisha ndani ya paipu mana dari la ofisi lina panya. UPS (betri za kushikilia umeme ukikatika) mbili, nzito kama magunia ya mbata, kuna waloona moja ingetosha, wakisema umeme siku hizi si kama zamani, toka 2010 Pemba tunaupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kweli. Lakini mie nlikuwa Unguja kwa mjomba Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima kiza, watu wanalala kwenye paa, kwa hiyo kwenye UPS sikukubali kushushwa. Kichekesho ni kuwa umeme ulotuzimikia siku ya mafunzo haukuwa na uhusiano na bahari wala Tanga, tukuza ya ofisi, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, iliisha yuniti na hakuna aliekumbuka kuongeza.

Kutesti ndo nliposhindwa mie mwenyewe, na hili nalisema wazi. Nliandika orodha ya mambo 38 ya kujaribu kabla hatujaanza. Namba 31 nliandika kwa mkono wangu: kata mtandao katikati ya muamala, angalia kinachotokea. Hatukuifanya. Kwa nini? Mgeni rasmi. Mwenyekiti alishampata mgeni rasmi wa uzinduzi, turubali limelipiwa, fulana zimechapwa, wapishi washapewa mchele, na tarehe ya mgeni rasmi kwetu haisogei, kinachosogea ni kazi. Tukafika namba 26, zote zimepita, tukasema zilobaki tutamalizia tukishaanza. Na hizo zilopita zilipitaje? Tulijaribu sie wenyewe tunaojua pa kubonyeza, asubuhi, mtandao uko vizuri, hakuna foleni, hakuna mama anaegonga kioo anakwambia mwanangu fanya haraka nawahi gari ya Kiwani.

Uzinduzi ukapita, pilau likaliwa, utepe ukakatwa. Kesho yake Maalim akasema daftari na mfumo viende pamoja miezi miwili, kila kinachoingia kompyuta kiandikwe na daftarini, jioni vilinganishwe. Wafanyakazi wakanuna. Mwenyekiti akasema tumetumia mamilioni yote haya ili tuandike mara mbili? Mie nikamuunga mkono Maalim, nikamuonesha mwenyekiti kwenye simu habari ya benki moja ya Uingereza, TSB, Aprili 2018 walihamisha wateja milioni 5 kwenda mfumo mpya kwa wikiendi moja, watu milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, benki ikaja kupigwa faini ya pauni milioni 48 na kitu. Akasoma, akanirejeshea simu, akasema hao wana wateja milioni tano sie tuna elfu moja. Wiki ya pili wafanyakazi wakaambiwa waache daftari. Maalim hakuacha. Hakubishana na mtu, alivuta kiti chake nyuma ya dirisha la keshia, kila mtu akitoka anamuomba kile kitabu chake kidogo cha mwanachama, anakopi mstari mmoja, anamrudishia. Watu wakawa wanamcheka, kijana wa kampuni anamwita "bakapu", yaani nakala ya akiba. Jina likamkaa.

Siku ya tisa, Alkhamis, jioni Bi Keshia anafunga droo, mfumo unasema iwemo 1,845,000, ndani imo 1,775,000. Imepungua 70,000. Akahesabu tena, tukahesabu sie, tukatafuta chini ya meza, kwenye pipa la takataka. Hakuna. Miaka kumi na moja kwa daftari hajapoteza hata jero. Jumatatu ikapungua 35,000. Hapo maneno yakaanza, unajua ofisi zetu, hakuna anaesema kitu lakini ukiingia jikoni watu wananyamaza, na mtu akaja kuniuliza mie pembeni ati mumewe Bi Keshia si ndo anajenga?

Kikao kikaitwa. Mwenyekiti si mtu mbaya, nataka hili lieleweke, lakini alikuwa kashasimama mbele ya mgeni rasmi kausifu ule mfumo kwa robo saa, na akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia: "Kompyuta haina njaa. Kama imesema pesa hazipo, pesa hazipo." Bi Keshia hakujibu. Akavua bangili yake moja ya dhahabu, akaiweka juu ya meza, akasema kauzeni, mkate humo pesa yenu, ila mie sikuchukua. Kisha akasema na wiki ya kwanza ilipungua 50,000, akailipa mwenyewe mfukoni, hakumwambia mtu kwa aibu.

Mie nimekaa pale na namba 31 yangu ilorukwa. Sikuwa bado nimeunganisha, sitaki kujifanya mjuzi, nlikuwa naona aibu tu bila kujua aibu ya nini. Maalim akasema: "Bangili isiuzwe leo. Nipeni mpaka kesho."

Tuliswali Isha tukakaa ofisini mie na yeye na chupa ya chai ya tangawizi. Akafungua daftari lake la kejeli, mie nikatoa orodha ya miamala ya ile Alkhamis. Daftari lina mistari 61. Mfumo una mistari 62. Tukashuka mmoja mmoja mpaka tukaufika: mwanachama yule yule, 70,000, saa 10:12:08, yaani saa nne na dakika kumi na mbili kwa saa zetu, na chini yake mwanachama yule yule, 70,000, saa 10:12:51. Mtu kaja dirishani mara moja, katoa noti zake mara moja, kitabu chake kina mstari mmoja, mfumo umempokea mara mbili. Jumatatu vile vile, 35,000, tofauti ya sekunde 38. Wiki ya kwanza vile vile. Kumbe pesa haikupungua kwenye droo hata siku moja, ni mfumo ndo uliohesabu pesa ambayo haikuwahi kuingia.

Nikachukua kompyuta ya keshia, nikafungua akaunti ya mfano, nikaingiza 1,000, nikabonyeza Hifadhi na hapo hapo nikachomoa waya wa mtandao. Skrini ikaganda, kiduara kinazunguka. Nikarudisha waya. Skrini ikaandika "muamala haukukamilika, jaribu tena". Nikajaribu tena. Nikaangalia akaunti: 2,000. Dakika tatu zote hizo, kuchomoa waya na kurudisha. Maalim akaniangalia hakusema kitu, akanimiminia chai.

Kilichokuwa kinatokea ni hivi. Keshia akibonyeza, taarifa inakwenda kwenye seva, seva inaandika, halafu inarudisha jibu kuwa nshaandika. Mtandao ukikatika baada ya kwenda na kabla ya kurudi, seva ishaandika lakini kompyuta ya dirishani haikusikia jibu, inadhani haijafika, inamwambia keshia arudie. Ni kama umemtuma mtoto dukani na pesa, kanunua, njiani kanyeshewa kajibanza kwa jirani, weye huna khabari unamtuma wa pili. Jioni una sukari kilo mbili na unamlaumu mwenye duka. Dawa yake inajulikana miaka mingi, kila muamala unapewa namba yake pale dirishani kabla haujaondoka, ukirudiwa unarudi na namba ile ile, seva ikiiona inasema huyu nishampokea, hairudii kuandika. Kampuni walipopelekewa, jibu lao la kwanza lilikuwa "mtumiaji alibonyeza mara mbili". Alibonyeza kwa sababu nyie mmemwandikia jaribu tena! Nliandika barua pepe moja kali sana, nikaifuta, Maalim akaniandikia nyengine ya mistari minne na orodha ya miamala mitatu na sekunde zake, ile ndo ilofanya kazi. Ndani ya wiki mbili wakarekebisha.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma kisa cha posta ya Uingereza, nlikuwa nimekisikia juu juu tu. Mwaka 1999 walianza kuweka kwenye ofisi za posta mfumo unaitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonesha pesa zimepungua kwenye ofisi hii na ile, na wenye kuendesha zile ofisi, watu wa kawaida wa vijijini, mkataba unawataka wafidie upungufu, wakawa wanalipa mifukoni mwao, wengine wakauza walivonavyo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na hesabu za uongo kwa ushahidi wa mfumo huo, kuna walofungwa. Kila anaepiga simu kulalamika anahisi yuko peke yake. Mmoja wao, Alan Bates, hakukubali, watu 555 wakaenda mahakamani pamoja, na Disemba 2019 jaji akasema mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuleta upungufu huo. Mwaka 2024 ndo Bunge lao likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu zile kwa jumla. Miaka 25, na kuna walokufa wakijulikana ni wezi.

Na lilonitoa jasho ni hili: sheria ya kule inachukulia kuwa kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu alete ushahidi kinyume chake. Ni maneno ya mwenyekiti wetu yale yale, kompyuta haina njaa, ila wao wameyatia kwenye sheria. Sasa Bi Keshia ushahidi angeutoa wapi? Kama Maalim angekubali kuacha daftari ile wiki ya pili, kama wote tulivomtaka aache, kingebaki nini cha kulinganisha? Mfumo na mfumo.

Pesa yake ile 50,000 alirejeshewa. Wanachama watatu walozidishiwa tukawaita kuwarekebishia, wawili wakacheka, wa tatu mvuvi, akasema nliona salio kubwa nikadhani mmegawa faida, na alikuwa keshatoa, tukamuandikia alipe kidogo kidogo. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa Bi Keshia, na mkewe, na halua ya Wete, akaomba radhi mbele ya mumewe. Hilo nampa haki yake, ningekuwa mie sijui kama ningethubutu. Daftari na mfumo vikaenda pamoja si miezi miwili bali mitano, na namba 27 mpaka 38 tukazifanya zote, ya 34 nayo ikafeli, bakapu ya usiku ilikuwa inaandika "imefanikiwa" na faili lenyewe tupu, lakini hiyo ntaieleza siku nyengine. Bi Keshia mpaka leo ana daftari lake dogo la skuli kwenye mkoba, kila mtu akiondoka dirishani anaandika namba na kiasi. Hakuna alomwamrisha, na hakuna anaethubutu kumwambia aache.

Basi haya yote nlikuwa namueleza yule mtu wa Wete, na salio lilipoongezwa nikampigia tena kumalizia. Nikamwambia kompyuta nne zinawatosha, UPS msipunguze. Kisha nikamuuliza, madaftari yenu ya zamani yako wapi? Akasema yapo stoo, mengi yanaliwa na mende, ila wasiwasi sina, kuna muuza njugu anayataka ya kufungia, kashaleta gunia. Nikamwambia yakhe, nakuja kesho na gari ya 606 ya mwanzo, ile ya Chake na Wete, na huyo muuza njugu mpe gunia lake arudi nalo tupu.